Jiwe Lisilopakwa Chokaa

Jumamosi za mbio za farasi, sauti ya mtangazaji hupanda kutoka uwanjani Turffontein, hapa Johannesburg, hadi juu ya kilima, na watu waliokuwa wakisali pale walizoea kusali juu yake. Kiongozi anaomba mvua, na huko chini farasi fulani amechomoka kwenye kona ya mwisho. Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza nilipopanda nao. Mama jirani yangu akanigeukia, akanitazama tu, nikaacha.

Sikuwa muumini wa kundi lile, na mpaka leo si muumini wake. Nilipanda kwa sababu ya mawe.

Kazi yangu ni kujenga kuta za mawe katika bustani za Sandton, zile kuta fupi zisizo na saruji ambazo wenye nyumba hupenda zionekane za kale siku ileile zinapomalizika. Nilianza kuijua kazi hiyo kwetu Tanga, wakati wa likizo za sekondari, kwa mjomba wangu aliyejenga kwa matumbawe na chokaa. Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa. Nilikwenda Mombasa, nikapanda meli kama msaidizi wa jikoni, nikazunguka, nikashukia Durban, na kutoka Durban nikaja Johannesburg nikisema ni kwa miezi michache. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na chumba cha uani kilichokuwa banda la gari. Bado kila mwaka baridi ikianza nalitoa begi uvunguni, nalitazama, kisha nalirudisha.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na changu, anaishi mama wa Kirundi pamoja na binti yake. Mama anauza dagaa wakavu, unga wa muhogo na mawese kando ya barabara, karibu na robot, yaani taa za magari. Amenizidi miaka kama kumi. Mimi namwita mama, yeye ananiita fundi, na akitaka nimbebee gunia ananiita fundi wangu. Binti alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kizulu au Kiingereza, na mama yake amekwisha kuchoka kumrekebisha.

Kundi lao la sala ni dogo: Warundi wengi, Wakongo kiasi, Watanzania wachache. Kusali nje, juu ya kilima, walijifunza kwa majirani kutoka Zimbabwe, ambao huvaa nguo nyeupe na kupanga duara la mawe yaliyopakwa chokaa. Ukifika kwenye duara unavua viatu, unaingia kwa upande wa mashariki, unakaa. Hakuna paa wala ukuta. Lakini kundi hili liliongeza jambo lake, ambalo sijaliona kwa wengine. Kila anayejiunga huleta jiwe moja kutoka mahali alipoishi. Hulipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, huliweka kwenye duara, na tangu siku hiyo hukaa mbele yake. Jiwe la mtu haliguswi na mwingine. Akihama, hulibeba mwenyewe. Akifa, mtu wa nyumbani kwake hulitoa kwenye duara na kulilaza nje, upande uliopakwa ukiangalia chini. Na kila mwaka kabla ya mvua, kila mmoja hulipaka jiwe lake upya.

Mama alikuwa amenieleza hayo yote mlangoni kwake, akichambua dagaa, na ndiyo maana nilitaka kuona. Siku ile ya kwanza, baada ya kukatazwa kucheka, macho yangu yalikwenda kwenye jiwe moja lililokuwa karibu na mlango wa duara. Mengine yote yalikuwa meupe. Hilo lilikuwa kijivu, lenye madoa ya manjano ya kuvu, na mabaki kidogo ya chokaa ya zamani ndani ya nyufa. Lilikuwa na ukubwa wa sufuria ya kupikia ugali wa watu wengi, bapa upande mmoja. Mama alikuwa amekaa jirani nalo, mbele ya jiwe lake jeupe.

Sala ilipokwisha nikamuuliza ni la nani.

"La bwana yangu."

"Amefariki?"

"Amesafiri," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Habari yenyewe niliipata kidogokidogo, nyingine kwake, nyingine kwa mzee wa kundi, ambaye ni fundi cherehani. Zamani mume na mke hao walikaa mtaa wa Alexandra, kwenye kibanda cha mabati. Upepo wa Agosti huku huwa mkali, kwa hiyo watu huweka mawe juu ya paa ili bati zising'oke. Zilipotokea zile fujo za kuwafukuza wageni, walikimbia na walichoweza kubeba. Siku chache baadaye mume akarudi kuona kama kuna kilichobaki. Hakukuwa na bati, hakukuwa na kitanda. Lilikuwapo jiwe lililokuwa juu ya paa, limeanguka ndani. Akalibeba begani, akapanda nalo teksi, akashuka nalo Turffontein. Mke wake alimcheka mpaka machozi. Alimuuliza kama ameleta na upepo wake. Kundi lilipoanza kusali kilimani, hilo ndilo jiwe alilolipaka.

Kisha, binti akiwa bado mgongoni, mume alisafiri kwenda kumtafuta mama yake, ambaye walisikia yuko kambini upande wa Kigoma. Alipiga simu kutoka mpakani, akasema amepata lori. Simu haikuita tena. Mama aliuliza kwa madereva, aliuliza kwa watu wa kambini, aliuliza kwa kila Mrundi aliyekuja au kuondoka. Kuna waliosema wamemwona, na hao walimletea taabu kuliko waliosema hawakumwona.

Kwa hiyo jiwe likakaa. Halikupakwa, kwa sababu mwenye kulipaka hayupo. Halikutolewa nje, kwa sababu hakuna aliyesema amekufa.

Mwaka jana ardhi ya kilima ikauzwa. Mlinzi mmoja Mzulu alipanda kwetu wakati wa sala, akavua kofia, akangoja nje ya duara mpaka amina ya mwisho. Kisha akaeleza kwa upole kwamba mwenye mali mpya atazungusha uzio na kujenga maghala, na kwamba tingatinga litaanza upande wa juu. Mwisho wa mwezi, akasema. Eish, alisema hivyo mara mbili tatu, kama mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda. Mzee wa kundi alimshukuru. Haikuwa ardhi yao, na walijua.

Mahali pengine palipatikana upesi. Wale Wazimbabwe walikuwa na mteremko wao kusini zaidi, na wakatoa upande wa chini. Mimi nilikubali kuazima bakkie ya bosi, gari lake dogo la mizigo, ili kuhamisha mawe. Kila mtu angelipakia lake. Wale waliokuwa wamekwenda miji mingine kikazi kwa muda walipigiwa simu. Mmoja yuko Cape Town, akasema atapanda basi aje mwenyewe. Likabaki hilo moja.

Mzee wa kundi alikuja uani kwetu jioni moja kuongea na mama. Hakuketi vizuri, alikaa kwenye ukingo wa ndoo. Alisema kwa heshima nyingi kwamba utaratibu wanaujua wote: jiwe hubebwa na mwenyewe, au na mtu wa nyumbani kwake. Lakini mtu wa nyumbani hulibeba kwa sababu moja tu. Sasa yeye kama mzee hawezi kumwambia mama afanye nini. Mama akamjibu kwamba amesikia. Mzee alipokwisha kuondoka, binti akasema kitu kwa Kizulu, polepole. Sikukielewa chote, ila nilielewa neno la baba.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikinoa patasi. Mama akanigeukia.

"Nikilibeba mimi, fundi, nimemzika. Nikiliacha, watalisaga kokoto. Wewe ungefanyaje?"

Nilichokuwa nacho ni kisa cha safarini, na sikujua kama kinafaa, lakini mtu akiulizwa na jirani hutoa alicho nacho.

Nilimwambia kwamba nilipokuwa melini tuliwahi kukwama katika kisiwa kimoja cha Polinesia, katikati kabisa ya ile bahari kubwa, kwa sababu ya jenereta. Tulingoja kipuri kije kwa meli nyingine. Alikuja fundi wa kuchomelea, mwenyeji, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na kwa kuwa nilikuwa nampelekea chakula tukazoeana kwa Kiingereza chetu kibovu. Siku moja ya mapumziko akanichukua kwa pikipiki hadi kwenye bonde la kwa mama yake. Njia nzima nilikuwa naona miti ya kwetu. Mivinje. Mitakawa. Hata mishelisheli ilikuwepo, imezaa, na nilitaka kumwambia asimamishe nishuke nikae hapo kwa maisha yangu yote. Nilikuwa na umri huo.

Alinionyesha mahali palipokuwa pa ibada ya wazee wao kabla ya Ukristo. Wao hupaita marae. Ni uwanja wa mawe, mstatili, umetandazwa mawe meusi ya volkano chini na kuzungushiwa ukuta mfupi. Upande mmoja kuna jukwaa la mawe lililoinuliwa, na hapo, nilivyoambiwa, hawakupanda watu. Mawe ya mbele ya jukwaa yalikuwa yamechongwa yakawa ya mviringo, yamepangwa safu kwa safu, na hakuna hata tone la saruji. Nilipitisha vidole kwenye viungo vyake. Mjomba wangu angevua kofia. Na ndani ya uwanja, peke yake peke yake, yalisimama mawe marefu yanayofika kiunoni, yakiwa yameinama kidogo kwa nyuma.

Mimi nilikuwa nimechoka na jua. Nikaketi, nikaegemea mojawapo.

Yule fundi alinitazama, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Rafiki, umemwegemea babu yangu."

Niliruka kama niliyekalia moto. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema nisijali, babu amevumilia wengi, hata wapiga picha. Akanieleza kwamba mawe yale yalikuwa ya kuegemea. Kila mtu mkubwa katika ukoo alikuwa na lake, na alipofika kwenye ibada alikaa chini na kuweka mgongo hapo. Alipokufa, jiwe halikuondolewa. Liliendelea kusimama, na watoto walijua nani alikaa wapi. Hilo nililoegemea lilikuwa la babu wa mababu zake, wala hakujua jina lake lote. Kisha akachukua ufagio wa chelewa, ufagio uleule wa kwetu, akafagia majani kuzunguka lile jiwe. Alifagia kila upande. Lenyewe hakuligusa.

Nilimuuliza watu wao walipohamia kisiwa kingine walifanyaje, maana jukwaa kama lile halibebeki. Akasema walichukua jiwe moja. Moja tu, kutoka marae ya zamani, wakaliweka kwenye mtumbwi, na huko walikofika lilikuwa la kwanza kuwekwa. Mengine yote yaliokotwa hukohuko, lakini yalijengwa kwa kulifuata lile. Kwa hiyo marae mpya ikawa mtoto wa ile ya zamani. Nikamuuliza lilikuwa jiwe la nani. Akafikiri. Akasema likishawekwa la kwanza, linakuwa la mahali.

Mama alinisikiliza bila kuinua kichwa. Vichwa vya dagaa vilikwenda kushoto, miili kulia.

"Hao watu walikuwa wanasali kwa nani?" akauliza.

Nikasema kwa miungu yao ya zamani, lakini sasa wengi ni Wakristo, na yule fundi mwenyewe alikuwa akiimba kwaya.

"Na bado anafagia?"

"Alikuwa bado anafagia."

Akachambua kidogo tena. "Basi si mjinga," akasema, akaingia ndani na beseni lake. Sikujua kama kisa kimemsaidia au kimemchosha.

Jumamosi ya kuhama ilikuwa ya mawingu mepesi. Kundi lilikuwa limekubaliana kwamba kila mtu apake jiwe lake kabla ya kuliondoa, ili mawe yafike huko yakiwa safi. Wengi walipanda Ijumaa wakamaliza. Mimi niliegesha bakkie chini, njia ilipoishia, nikachukua mbao mbili na kamba, nikaanza kupanda. Mama alikuwa mbele yangu. Ni mtu wa kutembea kwa kasi, hata penye mteremko, na kanga yake aliifunga kiunoni kama anayekwenda kulima. Huko uwanjani mtangazaji alikuwa akijaribu kipaza sauti.

Nilimwona akisimama. Alikuwa amefika kwenye mlango wa duara. Nikadhani anavua viatu.

Hakuvua. Aliingia ndani ya duara na viatu vyake, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na mtu yeyote, hata mlinzi. Akazunguka mzima mzima. Akatazama kwenye majabali, akatazama kwenye nyasi ndefu upande wa juu, akatazama njia niliyokuwa napanda na kunipita kama sipo, akitafuta nyuma yangu. Hapo nikaliona jiwe. Lilikuwa jeupe. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inang'aa.

Nilielewa anamtafuta nani. Nikajikuta na mimi nimegeuka kutazama njia.

"Nani amekuja?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani amekuja hapa?"

Nyuma ya jabali akatokea ndugu mmoja Mkongo, kinyozi, mgeni wa kundi, ambaye alikuwa amejiunga majuzi tu na hata jiwe lake hajaleta. Alikuwa na ndoo mkononi, na mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anatabasamu, kwa kuwa alitarajia kushukuriwa.

"Ni miye, mama. Nilifika mapema. Niliona mawe yote iko safi, moja tu iko chafu. Nikasema nisaidie."

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma uso wa mwingine na kukuta si ule. Kisha akakaa chini pale alipokuwa, na ndipo akaanza kuvua viatu, kimoja baada ya kingine, akavishika mapajani.

Wengine walifika nyuma yangu, na mzee wa kundi alipoliona jiwe akaanza kumkaripia kinyozi kwa Kirundi, halafu kwa Kifaransa. Alimuuliza kama hakuambiwa, kama haoni kwamba kila kitu kina mwenyewe. Kinyozi aliweka ndoo chini. Alikuwa akijipangusa mikono kwenye suruali, na suruali nayo ikawa nyeupe. Alisema kwao mtu akikuta kaburi au msalaba mchafu husafisha, haulizi. Hakuna aliyemwambia habari ya jiwe hilo. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia.

"Mwacheni," mama akasema. "Hakujua."

Akanyoosha mkono, akaligusa jiwe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuligusa tangu mumewe aondoke. Kiganja chake kikatoka na chokaa. Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, na alisema jambo ambalo nafikiri mimi pekee ndiye niliyelisikia.

"Nimemwona, fundi. Nimemwona mpaka shati."

Huko chini mbio za kwanza zilianza, na mtangazaji akaenda mbio na farasi wake, akapanda, akapanda, akaishia. Watu walisimama kuzunguka duara, kila mmoja karibu na jiwe lake, wakingoja mama aseme au alie. Hakulia. Alivaa viatu tena, akakumbuka yuko ndani ya duara, akavivua.

Kisha akamwambia mzee wa kundi kwamba jiwe litakwenda. Yeye halitoi nje, wala haligeuzi uso chini. Litakwenda mbele ya mengine na kuwekwa la kwanza, na yote yatapangwa kwa kulifuata.

Mzee alifikiri, mikono nyuma. Ni mtu mwema, lakini anapenda kitu kiwe na mahali pake. Akauliza litakuwa limewekwa kwa jina la nani, la aliye hai au la aliyekufa.

"La mahali," mama akasema.

"Sisi hatuna utaratibu kama huo, mama."

"Hatukuwa na uzio pia."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mzee akatazama vigingi vya chuma vilivyokwisha kuchomekwa upande wa juu, akatikisa kichwa polepole, kisha akakubali. Akauliza tu ni nani atakayelibeba, kwa kuwa bado kuna hilo. Mama akamgeukia kinyozi, ambaye alikuwa bado amesimama na ndoo yake miguuni.

"Wewe uliyempaka, mbebe. Mikono yako imekwisha kuchafuka."

Hapo watu wakacheka, kicheko kidogo cha kushusha mzigo, na kinyozi akacheka nao huku macho yake yakiwa mekundu. Akainama, akaliinua jiwe hadi begani. Mbao zangu hazikuhitajika. Alishuka kilima akiwa ameinamia upande mmoja, shati lake limejaa chokaa, na mama alitembea nyuma yake hatua kwa hatua, akimwambia wapi pana kokoto za kuteleza. Kwenye bakkie alikataa kukaa mbele na mimi. Alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia, mkono mmoja juu ya jiwe. Nilipokuwa nasimama kwenye robot nilimwona kwenye kioo. Hakuwa akitazama popote.

Mahali papya ni mteremko wenye nyasi fupi na miti ya mikalitusi kwa chini. Kutoka pale huwezi kuona uwanja wa farasi wala kusikia mtangazaji. Unasikia barabara kuu tu, kwa mbali. Niliulizwa jinsi ya kuanza, nikawaambia kwamba fundi huanza na jiwe moja, na akilikosea hilo, yote yatafuata kosa lake. Nilipiga kigingi katikati, nikavuta kamba kwenda mashariki, nikachimba tundu dogo kwenye mlango wa duara. Nilitandika kokoto, nikashindilia. Kinyozi akalishusha jiwe, mimi nikaligeuza mpaka upande bapa ukakaa. Nililitikisa. Halikucheza.

Kisha wengine wakaja, mmoja mmoja, na mawe yao, wakayapanga kwa kamba kutoka pale. La mama lilikuwa la pili, jirani nalo kama zamani. Duara lilipofunga, mawe ya mwisho yalibaki na nafasi finyu, ikabidi tusogeze machache. Lile la kwanza halikusogezwa. Binti yake alikuwa amekuja kwa teksi, amesimama nje na simu mkononi. Alivua viatu vyake vya michezo, akaingia, akakaa kati ya mama yake na jiwe la baba yake. Sikuwa nimewahi kumwona ndani ya duara. Mama akasogea kidogo ili amwachie nafasi, basi.

Kwenye sala ya kwanza mzee wa kundi alitaja watu wote kwa hali zao: wagonjwa, wasafiri, marehemu. Alipofika kwa wasafiri alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida, na alipofika kwa marehemu akanyamaza hivyohivyo.

Wiki chache baadaye mtu mmoja alimshauri mama kwamba kwa kuwa jiwe sasa ni la mahali, basi lipakwe kila mwaka kama mengine, na kundi zima lichangie chokaa. Mama alikuwa akinipimia unga wa muhogo nje ya mlango wake aliponisimulia.

"Nimewaambia hapana. Ile ni chokaa ya mtu mwingine. Mvua itaitoa."

Nikamuuliza kama anangoja bado. Ni swali ambalo nisingeliuliza miaka ile ya mwanzo. Akafunga mfuko wa unga kwa fundo.

"Nangoja kidogo," akasema. "Zamani nilikuwa nangoja sana." Kisha akanitazama na lile jicho lake la sokoni. "Na wewe, fundi, miaka yote hii unabeba mawe ya watu. La kwako liko wapi?"

Nilimwambia liko Tanga, ni zito, limekataa kupanda basi. Akasema muongo mimi, na kwamba begi langu uvunguni analijua, huwa anasikia zipu kupitia ukutani kila baridi ikianza.

Mvua zilikuja, zikapiga kwa wiki kadhaa, mvua za mchana za huku zinazokuja na radi na kwisha kabla hujaanua nguo. Zilipopungua nilipanda nao tena Jumamosi moja. Jiwe la mlangoni lilikuwa limerudi kuwa kijivu, chokaa imebaki kwenye nyufa tu, na nyasi mpya zilikuwa zimeota kulizunguka kila mahali isipokuwa ukanda wa upana wa ufagio kandokando yake. Hapo palikuwa pamefagiwa. Lenyewe halikuwa limeguswa.

Nilivua viatu, nikapita kando yake, nikakaa upande wa pili wa duara, mahali pasipo na jiwe.